Taa ya Ukutani Imekufa: Uikarabati, Uweke ya Holda, ya LED ya Kujengewa, au ya Plagi?

Mara nyingi kosa huanzia dukani. Taa ya sebuleni imeungua holda au kioo chake kimepasuka. Mwenye nyumba anapita duka la vifaa vya umeme, anaona taa ya rangi ya shaba yenye mikono miwili, anaipenda, analipa. Akifika nyumbani na kufungua ile ya zamani anakuta ukutani nyaya mbili tu, ethi (waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja) hakuna, na matundu ya boksi hayalingani na kitako cha taa mpya. Basi taa nzuri inafungwa kwa tepu na msumari, na baada ya miezi michache inaanza kunuka plastiki iliyoungua.

Njia za kubadilisha taa ya ukutani ziko nne ambazo watu wengi huzunguka kati yake: kukarabati taa iliyopo, kuweka taa mpya ya holda inayobadilishwa balbu, kuweka taa ya LED ya kujengewa ambayo balbu haitoki, na kutundika taa ya plagi inayochomekwa kwenye soketi. Hakuna hata moja iliyo mbaya yenyewe. Ila kila moja inahitaji kitu fulani kutoka kwa ukuta, na ukuta wako ama unacho ama hauna. Ndiyo maana tunaanza na ukuta.

Fungua kwanza, ununue baadaye

Zima breka ya taa kwenye boksi la breka. Swichi ya ukutani peke yake haitoshi, kwa sababu baadhi ya nyumba zina swichi iliyofungwa kwenye nyutro (waya unaorudisha umeme) badala ya laivu (waya wa moto unaouleta): taa inazimika, lakini waya wa moto bado umefika kwenye holda. Umeme wa Tanzania ni volti 230, wa Kenya volti 240, na wote unaua.

Testa ya bisibisi isikupe imani kubwa. Ukiwa juu ya ngazi ya mbao na viatu vyenye soli nene kavu inaweza isiwake hata kama waya una moto. Tumia multimita kwenye kipimo cha AC. Ipime kwanza kwenye soketi inayofanya kazi ili ujue mita yenyewe ni nzima, kisha pima taa: laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi. Zote zisome sifuri. Halafu rudi upime ile soketi tena. Hatua hii ya kurudi watu huiruka, na ndiyo inayokuhakikishia kwamba betri ya mita haikufa katikati.

Legeza skrubu za kitako huku mtu mwingine ameshikilia taa, au uifunge kwa kamba, isining'inie kwenye nyaya zake. Piga picha kabla hujatenganisha chochote. Sasa hesabu.

Nyaya mbili maana yake ni laivu inayotoka kwenye swichi na nyutro, bila ethi. Nyaya tatu zikiwa na moja ya kijani na njano, una ethi, ingawa bado inabidi kupima kama imefungwa huko mwisho wake. Nyaya nne, tano au sita maana yake boksi hilo limefanywa njia ya kupitisha umeme kwenda taa nyingine: nyekundu mbili zimeunganishwa pamoja, nyeusi mbili pamoja, na huenda kuna laivu ya kudumu, isiyozimwa na swichi, inayopita tu kwenda kwenye swichi. Hapo ndipo wengi hupotea.

Rangi zisikudanganye. Nyumba za miaka mingi zina nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro. Nyaya za mtindo mpya ni kahawia kwa laivu na buluu kwa nyutro. Lakini katika nyumba zilizopitishiwa nyaya moja moja ndani ya mabomba ya plastiki, waya wa kurudi kutoka kwenye swichi mara nyingi ni wa rangi yoyote ambayo fundi alikuwa nayo siku ile. Waya mweusi unaweza kuwa na moto swichi ikiwashwa. Weka alama ya tepu kwenye kila waya kulingana na vipimo, usifuate rangi.

Mwisho angalia boksi lenyewe. Boksi la mviringo la kawaida lina matundu mawili ya skrubu za M4 yaliyoachana milimita 50.8, yaani inchi mbili. Boksi la mraba la swichi lina milimita 60.3 na skrubu za M3.5. Pima na uandike, maana kibati cha kufungia taa mpya lazima kilingane na mojawapo, au kiwe na mfereji wa kusogeza skrubu. Na kama hakuna boksi kabisa, ila tundu tu kwenye plasta na nyaya zinachungulia, andika hilo pia.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Kila njia tutaiangalia kwa mambo matano: inahitaji nini ukutani, ikoje kwa upande wa ethi, nini huharibika na kwa sababu gani, inagharimu vipi baada ya siku ya kwanza, na inamfaa nani. Uzuri wa umbo la taa hatuugusi. Macho yako yanatosha.

1. Kukarabati taa iliyopo

*Inachohitaji ukutani.* Karibu hakuna. Nyaya, boksi na matundu ya skrubu tayari vinalingana. Vifaa vinavyotakiwa ni holda mpya, nusu mita ya waya laini wa 0.75 mm² wenye gamba linalostahimili joto, konekta, na skrubu mpya kama zile za zamani zimeshika kutu.

*Ethi.* Hapa pana nafasi ya kusahihisha kosa la zamani. Taa nyingi za chuma za miaka iliyopita ziliwekwa ilhali waya wa ethi umekunjwa ndani ya boksi bila kufungwa popote. Kama waya huo upo, toboa tundu la milimita 4 kwenye kitako, kwangua rangi kuzunguka tundu hilo, na ufunge ethi kwa skrubu, nati na washa (kile kipete bapa cha chuma). Rangi isipokwanguliwa, skrubu inashika rangi tu na chuma hakina ethi.

*Kinachoharibika.* Holda za plastiki zilizotumika na balbu za zamani za wati 60 hukauka na kuvunjika kwa joto, na gamba la waya ulioingia kwenye holda huwa gumu kama ganda la yai. Ukigusa linamwagika. Usiunganishe waya mpya na kipande cha zamani ndani ya mkono wa taa. Vuta wa zamani wote utoke, na uutumie huo huo kuvutia mpya.

*Gharama ya baadaye.* Ni ndogo, mradi ubadilishe balbu. Balbu mbili za wati 60 zikiwaka saa tano kila usiku zinakula uniti 18 kwa siku 30. LED mbili za wati 8 kwa saa zilezile zinakula uniti 2.4. Kwa anayenunua LUKU au tokeni, tofauti hiyo inaonekana mwezi huohuo.

*Inamfaa nani.* Mwenye taa nzito ya shaba au chuma kizuri, hasa za nyumba za zamani ambazo dukani hazipatikani tena. Haimfai mwenye taa ya bati jembamba lililotobolewa na kutu, wala taa ambayo kioo chake hakina mbadala.

2. Taa mpya ya holda

*Inachohitaji ukutani.* Laivu na nyutro, na boksi au ukuta imara. Kibati cha taa hizi kwa kawaida huwa na mifereji, hivyo hukubali boksi la mviringo na la mraba. Ukikuta hakuna boksi, kitako chenyewe kinapaswa kufunika muunganiko wote. Konekta isibaki ndani ya tundu la plasta.

*Ethi.* Soma kibandiko kabla ya kulipa. Alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa maana yake taa ina kinga maradufu na haihitaji ethi. Alama ya ethi, ile mistari mitatu inayopungua, maana yake lazima ethi iwepo. Taa ya chuma isiyo na alama yoyote kati ya hizo irudishe rafuni. Kama ukuta una nyaya mbili tu, chaguo lako ni la kinga maradufu, mara nyingi la plastiki au mbao, mpaka siku ethi itakapoletwa. Usiunganishe ethi ya taa na nyutro ili ionekane ipo. Nyutro ikikatika mahali popote kabla ya hapo, mwili mzima wa taa unakuwa na moto.

*Kinachoharibika.* Kwanza balbu, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa: inabadilishwa kwa dakika moja, na fundi haitwi. Pili holda, mtu akizidisha wati. Kibandiko kikisema mwisho wati 40, kinazungumzia balbu ya joto. LED ya wati 8 haifiki popote karibu na hapo, ila nayo ikifungiwa ndani ya kioo kilichozibwa pande zote hupata joto lisilotoka na kufa mapema. Kwa vioo vilivyozibwa, kaa kwenye wati 5 au 6.

Kuna jambo la holda ya kuzungusha, ile ya E27, ambalo wengi hawalijui. Laivu iende kwenye kikono cha katikati chini ya holda, nyutro iende kwenye ganda lenye nyuzi. Ukizigeuza, taa itawaka vizuri kabisa, lakini siku mtu anafungua balbu na kidole kikagusa shingo yake ya chuma, anapigwa shoti. Holda ya pini haina tatizo hili kwa sababu sehemu zote mbili zimefichwa chini.

*Gharama ya baadaye.* Ya chini, na inatabirika. Balbu zinapatikana hata kwenye duka la mtaani. Nunua za mwanga unaofanana: 2700K au 3000K kwa mwanga wa njano tulivu, 6500K kwa mweupe mkali. Balbu mbili za rangi tofauti kwenye ukuta mmoja huharibu sebule nzima.

*Inamfaa nani.* Familia nyingi, nyumba ya kupangisha ambayo mwenye nyumba hataki kuitwa kila kitu kikifa, na mahali ambapo umeme hupanda na kushuka, kwa sababu kinachoungua ni balbu na taa inabaki.

3. Taa ya LED ya kujengewa

Hizi ndizo zile za kutupa mwanga juu na chini ukutani, mabamba membamba, na visanduku vya aluminiamu vya veranda. Ndani yake kuna chipu za LED na draiva inayogeuza umeme wa AC kuwa DC. Umbo lake huwa safi, na kwa sababu hakuna balbu inayojitokeza, zinafaa sana kwenye korido nyembamba.

*Inachohitaji ukutani.* Nyaya zilezile, na juu ya hapo nafasi. Draiva inaweza kuwa nje ya mwili wa taa na kutakiwa kukaa ndani ya boksi, na boksi lenye nyaya sita za kupitisha umeme halina nafasi ya draiva. Ukilazimisha, waya mmoja unabanwa kati ya kitako na ukuta, gamba linakatika, na chuma kinashika moto wa umeme. Kama boksi lako limejaa, chagua modeli ambayo draiva iko ndani ya mwili.

*Ethi.* Hapa uwe mkali. Baadhi ya draiva za bei rahisi hazitenganishi upande wa volti 230 na upande wa chipu. Bamba la chipu linakuwa na umeme wa hatari, na kinacholizuia lisiguse mwili wa aluminiamu ni karatasi nyembamba tu au tabaka la gundi. Mwili huo ukiwa na ethi nzima, hitilafu ikitokea breka inaanguka. Usipokuwa na ethi, taa inasubiri mkono wa mtu anayefuta vumbi. Hivyo taa ya LED ya aluminiamu kwenye ukuta wenye nyaya mbili ni jambo la kukataa, hata fundi akikuambia watu wengi wanafanya.

*Kinachoharibika.* Mara nyingi draiva, na chipu baadaye. Joto huua kapasita zilizomo ndani, na umeme wa kupanda ghafla, wa radi au wa jenereta linalowashwa, huua mara moja. Kabla ya kununua angalia maandishi ya draiva. Iliyoandikwa 85–265V inavumilia umeme unaoshuka usiku kuliko iliyoandikwa 220–240V. Kisha piga picha upande wa pili wa kibandiko, ule unaosema milliampia ngapi na volti kuanzia ngapi hadi ngapi, kwa mfano 300 mA na 18–36V DC. Picha hiyo ndiyo itakayomwezesha fundi kukuwekea draiva nyingine inayolingana. Bila hiyo anabahatisha, na draiva yenye milliampia nyingi kuliko ya awali huchoma chipu.

Taa zilizofunguka kwa juu hukusanya wadudu. Msimu wa kumbikumbi, kikombe kinachoangalia juu hujaa kwa usiku mmoja, na mafuta ya wadudu waliokaushwa na joto hutia doa la kudumu.

*Gharama ya baadaye.* Umeme kidogo, matengenezo ghali. Zikiwa mbili au nne kwenye ukuta mmoja na moja ikafa baada ya miaka, huenda modeli hiyo haipo tena sokoni. Nunua moja ya ziada siku ileile.

*Inamfaa nani.* Nyumba mpya yenye ethi iliyopimwa, veranda inayohitaji taa iliyozibwa dhidi ya mvua, na mtu anayejali umbo na yuko tayari kuweka akiba ya vipuri.

4. Taa ya plagi

*Inachohitaji ukutani.* Skrubu mbili na soketi ya karibu. Nyaya za taa ya zamani zinazibwa: kila waya ndani ya konekta yake peke yake, zinakunjwa ndani ya boksi, kisha kifuniko cha plastiki juu. Usiziache na tepu tu, na usizifunike kwa plasta.

*Ethi.* Inakuja kwenye plagi yenyewe, kama soketi yako ina ethi. Taa nyingi za aina hii ni za kinga maradufu, hivyo suala ni dogo.

*Kinachoharibika.* Waya. Unapitia nyuma ya kabati, unakanyagwa na mguu wa kitanda, unabanwa na mlango. Halafu kuna fyuzi ya plagi: plagi zetu za pini tatu bapa huuzwa zikiwa na fyuzi ya 13A, wakati waya wa taa ni 0.75 mm² au hata 0.5 mm². Badilisha uweke fyuzi ya 3A, inayobeba hadi karibu wati 700, zaidi ya taa yoyote ya ukutani. Waya ukibanwa na kupiga shoti, ni hiyo fyuzi ndogo inayokatika mapema kabla waya haujashika moto.

*Gharama ya baadaye.* Ndogo sana, na ukihama unaondoka nayo.

*Inamfaa nani.* Mpangaji, mtu anayetaka taa ya kusomea kando ya kitanda, na yeyote aliyefungua ukuta akakuta hali isiyoeleweka na hataki kuiamua leo.

Taa za kuchaji na za sola ni ndugu wa hii. Ni nzuri kwa usiku wa umeme kukatika, lakini ya sola iliyowekwa chini ya paa la baraza haipati jua la kutosha kujaza betri, kwa hiyo itakuwa inazima mapema kila usiku.

Kuunganisha: palipo na makosa mengi

Njia tatu za kwanza zinakutana hapa. Kuna namna tatu za kuunganisha waya ambazo utazikuta mtaani.

Kusokota na kuzungushia tepu ni rahisi na ni mbaya. Gundi ya tepu hulainika kwa joto la taa na la hali ya hewa yetu, tepu inajifungua, na shaba iliyo wazi kwenye hewa ya chumvi ya pwani huwa nyeusi. Muunganiko unakuwa na ukinzani, unapata joto, joto linaulegeza zaidi.

Konekta ya skrubu, ile ya vipande vyeupe, ni salama ikitumiwa ipasavyo. Chukua ya 15A, inapokea nyaya mbili za 1.5 mm² bila shida. Chuna gamba milimita 8. Waya laini wa taa una nyuzi nyingi nyembamba ambazo skrubu huzikata, hivyo usokote na kuukunja mara mbili, au uuvike kikofia cha shaba na kukibana. Usiupake risasi ya kuchomelea, kwani hulegea taratibu chini ya skrubu na kukuachia muunganiko mwepesi. Ukimaliza, vuta kila waya mmoja mmoja.

Konekta ya mkono wa kubana, kama Wago 221, hupokea waya mgumu na laini pamoja, kuanzia 0.2 hadi 4 mm², na inataka uchune milimita 11. Ni ghali kuliko ya skrubu. Kwa boksi lililojaa nyaya za kupitisha umeme inalipa kila shilingi, kwa kuwa yenye matundu matano inakusanya nyutro zote mahali pamoja, na upande wake ni wa uwazi, unaona kama waya umefika mwisho.

Waya wa ukutani uliokuwa mweusi kwenye ncha ukate milimita 10 hadi 15 mpaka uone shaba inayong'aa. Ukiwa mfupi mno, ongeza kipande cha sentimita 15 cha waya wa 1.5 mm². Funga ethi kwanza na iache ndefu kuliko nyingine, ili taa ikivutwa na kung'oka, ethi iwe ya mwisho kuachia. Ethi inayokwenda taa nyingine lazima iendelee, hata kama taa yako mpya haiitaki.

Skrubu za kushikilia: kwenye ukuta wa tofali za simenti, fisha (vibomba vya plastiki vya kushikia skrubu) za milimita 6 zinatosha. Kwenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe au Lamu, toboa kwa milimita 8 na tumia skrubu ya milimita 50 au zaidi, maana chokaa ya juu ni laini na fisha fupi hutoka na taa yake. Usitoboe moja kwa moja juu, chini, au usawa wa boksi kuelekea swichi. Huko ndiko bomba la nyaya linakopita.

Kabla ya kurudisha umeme, weka mita kwenye ohimu kati ya waya wa ethi na mwili wa taa. Isome karibu na sifuri. Kisha washa breka.

Breka ikianguka mara moja, mara nyingi mtu ameunganisha waya wa kurudi kutoka kwenye swichi na nyutro kwa sababu vyote ni vyeusi. Taa yako ikiwaka lakini za chumba kingine zimekufa, kuna jozi ya kupitisha umeme uliyoisahau. Kifaa chenye kitufe cha T, kilichoandikwa RCCB, ambacho hukata umeme unapovuja, kikianguka hata swichi ikiwa imezimwa, nyutro imegusa ethi mahali, na kwanza angalia waya uliobanwa nyuma ya kitako. LED ikibaki na mwanga hafifu usiku baada ya kuzima, swichi iko kwenye nyutro au ina kitaa kidogo cha kuonyesha. Haya yote yanarekebishika, lakini kama hukuyaelewa wakati wa kusoma, mwite fundi. Kuvuta waya mpya, kuchimba ukuta au kuchukua umeme wa taa kutoka mzunguko wa soketi ni kazi ya fundi mwenye leseni, ambayo hutolewa na mamlaka ya nishati: Tanzania ni EWURA na Kenya ni EPRA. Soketi hulindwa na breka ya 20A au 32A, na waya mwembamba wa taa utaungua kabla breka hiyo haijaanguka, hivyo fundi lazima aweke kituo cha fyuzi ya 3A kati yao.

Kwa hali yako

Nyaya mbili, hakuna ethi, na huna mpango wa kupitisha nyaya upya mwaka huu: taa ya holda yenye alama ya miraba miwili, au ya plagi. Taa ya zamani ya chuma unayoipenda itabidi isubiri ethi, hata ikikarabatiwa vizuri.

Nyaya tatu, ethi imepimwa, boksi zuri: zote ziko wazi kwako. Umeme wa mtaa ukiwa wa kucheza, elekea kwenye ya holda. Ukiwa tulivu na unataka umbo jembamba, LED ya kujengewa pamoja na moja ya ziada.

Boksi lenye nyaya tano au sita: taa ya holda yenye kitako kipana, konekta za kubana, na saa nzima ya utulivu. Usinunue ya draiva ya nje.

Bafuni: chochote kilicho ndani ya sentimita 60 kutoka bafu au shawa kiwe IP44 (alama ya kiwango cha kinga dhidi ya vumbi na maji) au zaidi, kiwe cha kinga maradufu au chenye ethi, na nyumba iwe na RCCB ya milliampia 30. Taa ya plagi haina nafasi humo.

Veranda ya pwani: IP44 chini ya paa, IP65 panapopigwa na mvua. Mwili wa plastiki imara au aluminiamu iliyopakwa vizuri, skrubu za chuma kisichoshika kutu. Mpira wa kuzibia ukae juu na pembeni, na tundu dogo la chini la kutolea maji liachwe wazi; likizibwa, mvuke unajikusanya ndani na kuua draiva.

Chumba cha watoto au kando ya kitanda: ya plagi ikiwa waya utafungwa ukutani kwa klipu kila sentimita 30, au ya holda iliyofungwa kati ya sentimita 120 na 140 kutoka sakafuni. Sebuleni na koridoni panda hadi sentimita 160 au 180, ili balbu isikae mbele ya macho ya mtu aliyesimama.

Ngazi zenye swichi mbili, juu na chini: kila hali ya swichi inaweza kuacha moto kwenye taa, kwa hiyo zima breka na upime kila mara, hata ukibadilisha holda tu.